Bwana Punguza na Boti ya Matumbo Mawili

Hapakuwa na mtu aliyeijua bahari kama Bwana Punguza! Aliijua kwa vina vyake, kwa mikondo yake, kwa hasira zake, na kwa majina ya mafundo yote ya kamba. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: kuiingia.

Maana huyu bwana, tangu azaliwe, maji mengi aliyowahi kupambana nayo yalikuwa ya ndoo. Bahari aliisoma. Alikuwa na rafu nzima ya vitabu vya mabaharia, na video alizozitazama ofisini mchana huku sauti ameizima. Mtu akipita tu, anafungua haraka jedwali la hesabu na kukunja uso kama aliyegundua wizi.

Kazi yake ilikuwa mkaguzi wa ndani katika kiwanda cha magodoro. Kila ombi la fedha lilipita mezani kwake, na kila lililopita lilitoka limekonda. Siku moja idara ya usafirishaji iliomba matairi manne ya gari la mizigo. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika: PUNGUZA. Dereva akapanda ngazi mwenyewe kumwuliza, "Samahani bosi, tupunguze gurudumu lipi?" Toka siku hiyo jina likamganda, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Basi mwaka wa kustaafu ukakaribia, na pamoja nao kiinua mgongo. Wenzake walikuwa wanaongea mambo ya kujenga vyumba vya kupangisha, kufuga kuku, kufungua duka la vifaa vya shule. Bwana Punguza aliwasikiliza kwa huruma, kama mfalme anayesikiliza wapagazi.

"Ninyi mnastaafu kwenda nyuma ya nyumba," aliwaambia. "Mimi nastaafu kwenda duniani!"

Nyumbani ilibidi alilete jambo hilo kwa adabu zaidi. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa hiyo hapakuwa na kitu ambacho mtu mzima angeweza kumwambia kikamshtua. Alimsikiliza huku akikata karatasi za rangi kuwa maua.

"Katamarani," alisema Bwana Punguza.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Boti ya tanga yenye matumbo mawili, huku tumbo na huku tumbo, katikati sebule. Haiyumbi! Unaweka kikombe cha chai mezani, upepo unavuma, chai haimwagiki. Vyumba vinne, jiko, sebule, vyoo viwili!"

"Hapa tuna vyumba vitatu, jiko na sebule, wala hakuna upepo," mkewe alisema, "na chai unamwaga kila siku."

"Mama Watoto, nazungumza mambo ya maisha."

"Nakusikia, Baba Watoto. Wala sijakataa." Akaweka mkasi chini, akaongea kwa ile sauti anayowapa watoto wanaotaka kula chaki. "Sasa nenda ukae chini vizuri, upange bajeti, halafu uniletee niione. Ikipendeza, tutaongea."

Ikipendeza! Kumwambia Bwana Punguza apange bajeti ni kumwambia samaki aoge. Aliingia kazini. Boti mpya haikuwemo hata kwenye ndoto. Bei yake ingenunua kiwanda cha magodoro pamoja na waliolala juu yake. Ilibidi iwe mtumba. Lakini mtumba wa daraja la kwanza, ule ambao ukiuvaa watu wanauliza umenunua wapi.

Na tangazo akalipata: katamarani ya kusafiria, imetumika kidogo, inahitaji matengenezo madogo madogo tu. Kidogo kwa kulinganisha na nini, tangazo halikusema.

Bajeti ilikuwa nzuri, ungetamani kuipigia ngoma. Bei ya boti, ada ya kuegesha, bima, mafuta, nguo zisizopitisha maji, hata kofia. Sehemu ya matengenezo aliweka kwanza kiasi cha haja. Kisha akakitazama. Mkono ulianza kumwasha. Akakipunguza. Akakitazama tena, akakipunguza tena. Mkono ukishazoea umezoea! Mwishowe matengenezo ya boti nzima yalibaki na fedha ambazo fundi wa baiskeli angeomba muda wa kuzifikiria.

Mkewe aliisoma bajeti yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Matengenezo mbona yamekonda hivi?"

"Kwa sababu ni madogo."

"Nani kasema?"

"Tangazo."

"Tangazo la nani?"

"La... la anayeuza."

Mkewe alichukua karatasi nyekundu akaanza kukata ua jingine.

Siku ya kwenda kuiona, Bwana Punguza alivaa suruali nyeupe, viatu vya turubai na ile kofia iliyokuwa kwenye bajeti. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa amehamia kwao tangu goti lianze kumsumbua, alimwona anatoka akamwuliza kama anaenda kucheza karata na wazungu. Mama mkwe hakujibiwa. Mkwe hajibizani na mama mkwe. Alipewa shikamoo ya pili, mambo yakaisha.

Bwana Punguza alifuatana na shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza samani ambaye alidai amefanya kazi baharini miaka mingi. Ilikuwa kweli. Alikuwa anakata tiketi za kivuko, kwenye kibanda, nchi kavu. Lakini kibanda kilitazama maji.

"Shemeji, boti mimi nikiiangalia tu naijua," alisema ndani ya teksi. "Kama ng'ombe! Unatazama macho."

"Boti haina macho, shemeji."

"Ndiyo maana inataka uzoefu."

Yadi ya boti ilikuwa imejaa harufu ya rangi na dizeli. Dalali aliwapokea akiwa na suti ya rangi ya krimu na viatu vyeupe, meno yote nje, akamwita Bwana Punguza "Kapteni" kabla hata ya salamu. Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko matangazo yote ya dunia. Bwana Punguza alihisi kifua kinaongezeka ukubwa. Aliyezoea kuitwa Punguza sasa aliitwa Kapteni! Mtu wa hivyo unamwuzia hata gati.

"Ile pale, Kapteni," dalali alisema.

Ilikuwa imefungwa kamba gatini, nyeupe, pana kama ukumbi wa harusi. Bwana Punguza alisimama. Shemeji yake akasimama. Hata mimi ningesimama. Jua lilikuwa linacheza kwenye vioo vyake na maji yanailamba taratibu, na kwa mbali, kwa mtu aliyesahau miwani yake, ilikuwa mpya kabisa.

Wakapanda. Dalali akaanza kuonyesha, na Bwana Punguza akaanza kugundua hesabu ambayo vitabu vyake vilimficha.

"Injini hii inataka kuangaliwa kidogo tu, Kapteni."

"Sawa. Injini nimeiweka."

"Na mwenzake wa upande wa pili naye vivyo hivyo."

"Mwenzake?"

"Matumbo mawili, Kapteni! Injini mbili. Usukani huu umelegea, na yule pacha wake. Betri za huku na betri za kule. Pampu ya huku, pampu ya kule."

Bajeti ya Bwana Punguza ilikuwa ya boti moja. Hapa alikuwa anauziwa boti mbili zilizoshikana mikono! Kila alichopunguza kilikuwa kimerudi kimeongozana na ndugu yake.

Lakini mtu aliyeitwa Kapteni mara tano asubuhi moja hawezi kuonekana ametishika. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kama daktari.

"Imara," akasema.

"Imara sana," shemeji akaunga mkono, naye akagonga. Kipande cha rangi kikadondoka. Wote watatu wakatazama pembeni.

"Kuna wanaoleta mkaguzi wa boti," dalali alisema kwa sauti ya pole, kama anayetaja ugonjwa wa watu wengine. "Gharama yake si ndogo, ila ni hiari."

"Mkaguzi?" Bwana Punguza alicheka kicheko cha kibaharia alichokijifunza kwenye video. "Mimi mwenyewe ni mkaguzi! Maisha yangu yote nakagua!"

Na hapohapo, kwa furaha ya kuokoa gharama ya mkaguzi, akatoa arbuni. Dalali aliipokea kwa mikono miwili. Kilichobaki, alieleza, ni kreni kuinyanyua boti kutoka majini, ili Kapteni aione chini, kisha wakae ofisini watie saini. Kreni ilikuwa njiani.

Wakati huo mashua moja ya injini ilipita mbali. Mawimbi yake, mawimbi madogo ambayo bata asingeyasumbukia, yakafika na kuisukuma boti kushoto, kisha kulia. Kushoto, kulia.

Bwana Punguza akahisi uso wake unapoa.

Sikiliza: boti ilikuwa imefungwa! Kamba nne, fundo juu ya fundo, na gati ya zege pembeni. Lakini tumbo la Kapteni lilikuwa limeshang'oa nanga. Jasho likamtoka, mate yakamjaa mdomoni. Kutapika mbele ya dalali? Baada ya kuitwa Kapteni? Hapana!

"Nakwenda... nakwenda kukagua vyoo," alisema, na kumkabidhi shemeji simu yake ampige picha baadaye kwenye usukani. Akashuka ngazi mbiombio, akaingia choo cha tumbo la kushoto, akajifungia. Yaliyotokea humo tuyaache. Itoshe kusema kwamba kifungua kinywa kiliondoka kabla ya boti.

Alipokuja kushika kitasa ili atoke, mlango haukufunguka.

Ulikuwa mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu wa miaka. Kuingia ulikubali kwa sababu alikuja na haraka na uzito wake wote. Kutoka ulikuwa hautaki habari zake. Akavuta. Akabembeleza. Akauita majina. Kitasa kikabaki mkononi mwake.

Huko juu, kreni ilikuwa imefika.

"Mwenzako yuko wapi?" dalali aliuliza.

"Ametangulia ofisini," shemeji alisema kwa uhakika kabisa. Alikuwa ameona mtu wa kofia nyeupe kama ya Bwana Punguza anaelekea huko. Yadi nzima watu walikuwa na kofia nyeupe.

Mikanda ikapitishwa chini ya boti. Injini ya kreni ikanguruma. Na Bwana Punguza, kupitia kidirisha cha duara kikubwa kama sahani, akaona gati inashuka. Kisha akaona paa la ofisi. Kisha akaona ndege mmoja, wakatazamana.

"Nipo humu!" akapiga kelele. "Jamani! Kuna mtu!"

Kreni ilikuwa inanguruma kuliko yeye. Akapiga ukuta ngumi, akaumia. Akatafuta kitu cha kupigia kelele na macho yake yakaangukia mkono wa chuma wa pampu ya choo, pembeni ya bakuli. Akaushika kwa mikono miwili akaanza kuupiga juu chini, juu chini, gwaa! gwaa! gwaa! kama mtu anayegonga kengele ya moto.

Sasa, pampu ya choo ina kazi yake. Nayo, kati ya vitu vyote vya boti ile, ilikuwa nzima!

Boti ilikuwa imeshazungushwa juu ya nchi kavu, na dalali alikuwa amesimama chini ya tumbo la kushoto, kidole juu, akimweleza shemeji uzuri wa umbo lake. Kifungua kinywa cha Bwana Punguza kikamkuta hapo. Suti ya krimu ikawa na historia. Viatu vyeupe navyo.

Kreni ikazimwa. Yadi ikanyamaza. Kichwa kimoja chenye kofia kikajipenyeza kidirishani hadi masikioni, kikakwama kidogo, kikatoka.

"Shemeji!" muuza samani alipaza sauti. "Kumbe uko huko! Unaonaje, ukubwa unatosha?"

"Niteremsheni!"

Dereva wa kreni akasema haiwezekani. Kanuni ya yadi ilikuwa wazi: mzigo wenye mtu ndani haupandishwi wala haushushwi. Atolewe kwanza. Lakini ngazi ndefu ilikuwa imeazimwa, hivyo ikabidi itafutwe, na aliyeiazima naye ikabidi atafutwe.

Bwana Punguza akakaa juu ya kifuniko cha choo, akasubiri.

Ukimya ulipotulia, akaanza kusikia. Maji. Chini ya miguu yake maji yalikuwa yanatembea huku na huku, mengi, kama ndani ya tangi. Akafungua kijimlango sakafuni na ngama, yale maji machafu yanayojikusanya chini ya chombo, ikamtazama, nyeusi, yenye mafuta. Boti hii haikuwa inaelea juu ya bahari, ilikuwa inaigugumia. Akachungulia nje na kuona maji yanamwagika kutoka kwenye nyufa za chini, mfululizo, bila dalili ya kuchoka. Akabonyeza ukuta kwa kidole. Kidole kikaingia, taratibu, kama kwenye mkate uliolowa.

Hapo ndipo alipopata cheo chake kamili. Mkaguzi wa ndani! Maisha yake yote alikuwa anaitwa hivyo, na leo hii ndiyo siku ya kwanza aliyokagua kitu kwa ndani.

Akaanza kucheka. Alicheka peke yake, angani, juu ya choo, kitasa mkononi, suruali nyeupe si nyeupe tena. Alijiona vizuri kabisa. Kama afisa masoko wa kiwanda angemletea ombi hili, boti iliyokaguliwa na muuza samani kwa kugonga, angelichana na karatasi angemlipisha.

Kisha kicheko kikapungua, akabaki na lililokuwa chini yake. Ukweli ni kwamba bahari hakuwa na haja nayo kiasi hicho. Alichokuwa anakiogopa ni ile Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu. Ataamka, atavaa, na hakuna mtu duniani atakayemletea karatasi aiandike punguza. Kapteni ni cheo. Mtu aliyekaa nyumbani si cheo. Na kwa ajili ya cheo tu alikuwa karibu kuchukua jasho la maisha yake yote, na vyumba viwili vya kupangisha ambavyo mkewe hakuwahi kuvidai kwa sauti, akavitumbukize kwenye nyufa zile.

"Mjinga wewe," alijiambia, si kwa hasira. "Mjinga wa daraja la kwanza. Mtumba."

Ngazi ikapatikana. Fundi akapanda na msumeno, akafika nje ya mlango.

"Mzee, inabidi nikate."

"Kata!"

"Asikate!" dalali alipiga kelele kutoka chini. "Ni mbao ya asili hiyo! Mlango mzima atalipa!"

Na hapo mazoea yakamshinda mwanadamu.

"Fundi, ngoja," Bwana Punguza alisema. "Usikate wote. Punguza tu pembeni."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Kadiri ya mtu mmoja."

Fundi akampima kwa macho kupitia tundu la kitasa. "Kwa mtu wa kiasi chako, mzee, ni mlango wote."

Mlango ukakatwa, na Bwana Punguza akateremka ngazi huku watu wote wa yadi wanamtazama, na mguu ulipogusa ardhi akawapungia mkono kama aliyezunguka dunia. Wakampigia makofi! Dalali peke yake hakupiga, alikuwa anajifuta. Arbuni ikaliwa yote: mlango, muda wa kreni, na dobi. Dalali alisisitiza risiti iandikwe dobi.

"Na mlango wako uuchukue," alisema. "Umeulipia. Hapa si jalalani."

Hakumwita Kapteni.

Ndani ya teksi, mlango ukiwa umefungwa juu ya paa, alimpigia mkewe, akamweleza yote bila kupunguza. Upande wa pili akasikia mtu anashusha pumzi kama aliyeizuia tangu lile ua jekundu.

"Arbuni tu?" mkewe akauliza. "Hujatia saini popote?"

"Sijatia popote."

"Basi hiyo ni ada ya shule, Baba Watoto. Kuna wanaolipa zaidi na hawajui kusoma hadi leo. Njoo nyumbani."

Teksi ikasimama mlangoni. Shemeji alikumbuka ghafla mteja wa makabati, akashukia palepale na kutokomea. Bwana Punguza akaushusha mlango mwenyewe, akauburuta hadi barazani alikokaa mama mkwe, mguu mmoja juu ya kigoda. Mkewe alisimama nyuma ya mama yake, mkono mdomoni.

Mama mkwe alimtazama mkwewe kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akautazama mlango, uliokatwa vipande viwili, wenye kibandiko kilichoandikwa TAFADHALI SUKUMA MAJI BAADA YA KUTUMIA.

"Pole na safari, baba," alisema. "Boti iko wapi?"

Bwana Punguza akajifuta jasho. Angeweza kusema bei haikumridhisha. Angeweza kusema ameamua kungoja soko. Maneno hayo yote alikuwa ameyaandaa njiani.

"Ndiyo hii, mama," akasema. "Wanaileta kwa awamu."

Mkewe alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Lakini mama mkwe hakucheka. Aliinama, akalishika goti lake, akakisoma kibandiko kile upya, polepole, neno kwa neno.

"Haya, baba, ni uamuzi wako," alisema. "Lakini siku wakileta kilichokuwa nyuma ya mlango huu, mimi narudi kwangu."